Kununua Demio ya dizeli iliyotumika: pima safari zako kabla ya kupima gari

Mtu akiniuliza kama anunue gari dogo la dizeli ili apunguze gharama za mafuta, humrudishia swali: kwa siku unaendesha kilomita ngapi, na kwa mwendo gani? Wengi hushangaa, maana walitarajia niwaulize wana pesa ngapi. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama dizeli itakuwekea akiba au itakutoa jasho kwa fundi.

Nazungumzia hasa Mazda Demio ya dizeli, kwa sababu hapa Kenya ndiyo gari dogo la buti fupi la dizeli lililo rahisi kulipata. Nimeendesha moja kwa miaka kadhaa kati ya Kilifi na Mombasa, na nimewasindikiza ndugu na majirani yadini mara nyingi kiasi cha kujua wapi watu huumia.

Hatua ya 1: Hesabu kilomita zako

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila safari: umetoka wapi, umefika wapi, kilomita ngapi, umechukua dakika ngapi. Usikisie, andika.

Tuchukue watu wawili. Wa kwanza anaishi Kilifi na kazi yake iko Mombasa, kilomita kama 60 kwenda na 60 kurudi. Kwa siku 22 za kazi kila mwezi, mwaka ukiisha amekimbiza kilomita 30,000 na ushee. Tuseme gari la petroli lingempa kilomita 15 kwa lita na la dizeli 20. La petroli lingekunywa lita 2,000, la dizeli 1,500. Ameokoa lita 500. Kwa bei ya mfano ya shilingi 170 kwa lita, hizo ni shilingi 85,000 kwa mwaka mmoja.

Wa pili anaishi Nyali na anafanya kazi mjini. Safari yake ni kilomita nane, nusu yake ni foleni ya darajani. Kwa mwaka hafiki hata kilomita 5,000. Ndani ya foleni petroli tuseme inampa 12 kwa lita na dizeli 15. Akiba yake ni lita 83 hivi, yaani shilingi 14,000. Siku chujio la moshi likiziba, fedha hizo zote huenda kwa fundi na hazitoshi.

Angalia pia kwamba bei ya dizeli na ya petroli pale EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inapotangaza kila tarehe 14 ya mwezi mara nyingi haipishani sana. Akiba kubwa ya dizeli haitoki kwenye bei ya pampuni. Inatoka kwenye kilomita ambazo kila lita inakupeleka, na kilomita hizo zinapatikana barabara kuu, gari likiwa limepata moto na linakwenda.

Kwa hiyo, kama daftari lako limejaa safari za dakika kumi kumi, tafuta gari la petroli na ulale usingizi. Nasema hivi nikiipenda dizeli. Kama angalau mara tatu au nne kwa wiki una safari ya nusu saa bila kusimamasimama, endelea kusoma.

Kwa nini dakika ziwe na uzito hivyo? Injini hii ina chujio la masizi kwenye njia ya ekzosi, lile mafundi wanaloliita DPF. Masizi yanajikusanya humo, na kila baada ya kilomita mia mbili tatu hivi kompyuta ya gari inaongeza dizeli kwenye mitungi kwa wakati maalumu ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji injini yenye moto na dakika za kutosha. Ukizima gari katikati, masizi yanabaki, na sehemu ya ile dizeli ya ziada inapenya kwenye pete za pistoni na kushuka chini, ikachanganyika na oili. Fanya hivyo kila siku kwa mwaka na utakuwa na chujio lililoziba, na oili nyepesi isiyolinda kitu.

Hatua ya 2: Ijue gari kwa namba yake ya chesisi

Demio ya kizazi cha nne ilianza kuuzwa Japani mwaka 2014 na ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka ya huko. Ya dizeli ina injini ya cc 1,498 yenye turbo na nguvu ya farasi 105. Yenye gia za otomatiki ina msukumo wa Nm 250, wakati ile ya petroli ya 1.3 ina 121. Utaona maana ya tarakimu hizo ukiwa na watu watano ndani na kiyoyozi kinafanya kazi, unapanda kutoka Mazeras kwenda Mariakani: ya petroli inapiga kelele, ya dizeli inapanda kimya kimya.

Otomatiki yake ni gia sita za kweli, si CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, na vali zake zinaendeshwa kwa cheni, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa. Halafu haihitaji yale maji ya urea yanayosumbua baadhi ya dizeli za Ulaya. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida, hayo matatu ni mazuri sana.

Utofautishaji wake ni rahisi. Namba ya chesisi ikianza na DJ5FS, ni dizeli ya kuvuta magurudumu ya mbele. DJ5AS ni dizeli ya magurudumu yote manne. DJ3FS ni petroli ya 1.3, hata kama nyuma kumebandikwa nembo ya dizeli. Nembo inanunuliwa dukani, chesisi hainunuliwi. Ukiona DJ5AS, lala chini uangalie kutu kwanza, maana Wajapani wengi wanaonunua gari la magurudumu manne wanaishi kwenye theluji, na barabara za theluji humwagiwa chumvi.

Injini hiyohiyo utaikuta pia kwenye CX-3 za mwanzo na Axela za dizeli za 1.5. Hayo mengi ya ukaguzi ninayoeleza hapa chini yanazifaa na hizo.

Wapo wanaoleta Golf na Polo za dizeli kutoka Uingereza, kwa kuwa usukani ni upande wetu. Ni magari mazuri barabarani. Ila kabla ya kulipa, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na upewe karatasi, kisha uulize mafundi wa mtaani kwako ni wangapi wamewahi kuifungua injini hiyo. Jibu la swali la pili mara nyingi linatosha.

Hatua ya 3: Amua unanunua ya kuagiza au iliyokwisha tumika hapa

Kwa sheria ya Kenya, gari la kuagizwa halipaswi kuwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana Demio za 2014 hadi 2016 unazoziona zikiuzwa leo ni zile zilizokwisha kaa hapa na watu. Ukitaka kuagiza, utachagua za miaka ya karibuni. Zingatia pia kwamba Japani Demio ilibadilishwa jina mwaka 2019 ikawa Mazda2, usije ukadhani unauziwa kitu kingine.

Ukiagiza, usikubali picha peke yake. Dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipopigwa mnada Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kisha ingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Mazda wa Japani wa magari yaliyoitwa kurudi kutengenezwa. Kampuni yenyewe iliwahi kuziita zirudi Demio hizi za dizeli, kwa sababu mwendo wa polepole wa kila siku ulikuwa ukirundika masizi kwenye vali za moshi. Ukurasa huo ni wa Kijapani, lakini simu yako inaweza kuutafsiri, na utaona kama gari lako lilifanyiwa kazi hiyo au bado.

Mimi ningenunua ya hapa hapa kama ningempata mwenyewe aliyekuwa akisafiri mbali na ana risiti za oili. Gari lenye kilomita 140,000 za barabara ya Mombasa hadi Voi lina injini safi kuliko lenye kilomita 60,000 za kupeleka watoto shule. Watu wengi hawaamini hilo hadi waone ndani ya njia ya hewa ya magari yote mawili.

Hatua ya 4: Siku ya kukagua

Mpigie muuzaji usiku, umwambie utafika asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, muulize kwa heshima kwa nini, kisha mwombe mwahirishe. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi.

Anza na oili, kabla ya kuwasha. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena ukitazame kwenye mwanga. Gari la petroli utatafuta alama mbili, ya chini na ya juu. Hili lina alama ya tatu juu ya ile ya kujaa: herufi X. Imewekwa kwa ajili ya ile dizeli inayoshuka ndani ya oili. Gari la kawaida oili yake hupungua, hili yake huweza kupanda. Ikifika X, oili hiyo imeisha kazi na lazima imwagwe mara moja.

Nakumbuka yadi moja hapa Mombasa, gari limeoshwa hadi linang'aa, viti vina harufu ya marashi. Nilichomoa kijiti na oili ilikuwa imepita X kwa upana wa kidole. Niliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada: ilikuwa nyepesi kama maji, haina ule utelezi mzito, na ilinuka dizeli tupu. Muuzaji akaniambia kwa furaha, "Unaona kaka, oili imejaa, gari halili oili." Alisema kwa nia njema, naamini hakujua. Shemeji yangu aliyetaka gari hilo alikuwa ameshatoa simu alipe amana. Tukamshukuru tukaondoka.

Baada ya oili, nenda nyuma. Tia kidole ndani ya bomba la ekzosi, ukizungushe, ukitazame. Chujio likiwa zima, ndani ya bomba huwa pakavu na kidole hutoka karibu safi. Kikitoka cheusi tititi, chujio limepasuka au limetobolewa. Kutoboa chujio ni biashara ya baadhi ya gereji: wanalifungua, wanaondoa kilichomo, wanaifuta taarifa kwenye kompyuta, na gari linaonekana limepona. Moshi wake unawafikia watoto waliosimama kituoni. Usinunue gari hilo, na ukinunua hesabu bei ya kulirudishia chujio.

Sasa washa. Taa ya koili ya kupasha moto izimike, injini ishike mara moja. Mlio wa dizeli wa mwanzo ni wa kawaida, lakini ndani ya dakika moja mbili utulie. Mtetemo usiotulia, au moshi mweupe unaoendelea, unaelekea kwenye injekta au mgandamizo wa mitungi. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: mvuke mdogo si kitu, ukipulizwa kwa nguvu usoni ondoka.

Kisha mashine ya kupimia kompyuta. Hapa watu huridhika wakisikia "hakuna kosa lolote". Mwambie fundi akutafutie jambo moja zaidi: gari limetembea kilomita ngapi tangu makosa yafutwe mara ya mwisho. Mashine nyingi huonyesha. Ukiambiwa kilomita 6, maana yake yamefutwa asubuhi hiyo kwa ajili yako. Mashine ikiweza, asome pia kiasi cha masizi kwenye chujio na umbali wa wastani kati ya mara moja na nyingine ya kuyaunguza. Mia mbili na zaidi ni afya. Chini ya mia moja kwa gari la barabara kuu, huenda njia ya kuingizia hewa imejaa masizi na itabidi ifunguliwe isafishwe.

Kazi hiyo ya kusafisha si mwisho wa dunia. Fundi anayeijua anaifungua njia ya hewa, anakwangua tope jeusi kama lami, anasafisha na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na gari linapata nguvu upya. Ila ni kazi ya kutwa nzima au zaidi, kwa hiyo iweke kwenye bei mnapojadiliana.

Mengine ni ya haraka. Kama i-stop, ule mfumo wa kuzima injini gari likisimama, haifanyi kazi kabisa, huenda betri imechoka au imewekwa ya kawaida badala ya ile ya aina yake, ambayo ni ghali. Matairi ni 185/65 R15 au 185/60 R16, yote yanapatikana. Chunguza chini kwa mbele, maana gari ni fupi na matuta yetu hayana huruma.

Hatua ya 5: Liendeshe angalau nusu saa

Mzunguko wa kuzunguka yadi hauna maana. Toka mjini, panda mlima, ukiwa na fundi pembeni. Gia zibadilike bila kugutuka. Ukiwa mwendo wa kilomita 60, kanyaga mafuta kwa nguvu: turbo isukume mara moja, bila kusita na bila mluzi mkali. Mtu wa nyuma atazame kama kunatoka moshi mweusi.

Taa ya DPF ikiwaka katikati, usikimbie. Ikiwa imewaka tu bila kumetameta, mwongozo wa gari unasema endesha kwa kilomita 20 kwa saa au zaidi kwa dakika 15 hadi 20, injini ikiwa na moto, na itazimika yenyewe. Ikimetameta, ni ya gereji. Ukirudi, chomoa kijiti cha oili tena.

Hatua ya 6: Karatasi

Fanya upekuzi wa gari kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wewe mwenyewe, usitumiwe picha ya upekuzi wa mtu mwingine. Jina liwe la anayekuuzia, na kusiwe na benki iliyoshikilia gari. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye gari. Malipo makubwa yafanyike mkiwa mmeketi pamoja, muuzaji ameanzisha uhamisho wa umiliki mbele yako nawe umeupokea.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Mwaga oili hata kama umeambiwa imebadilishwa jana. Weka ile ya dizeli zenye chujio, yenye majivu machache: kwenye kopo utafute ACEA C3 5W-30, au DL-1 ukiipata. Oili ya lori au ya matatu ya zamani ina viungo vinavyobaki majivu, na majivu hayaungui kama masizi. Yakijaa kwenye chujio, yamekaa. Kwa hali zetu badilisha kila kilomita 5,000, na kila Jumamosi chomoa kijiti uangalie X.

Badilisha chujio la mafuta pia. Pampu ya injini hii inasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno na inalainishwa na dizeli hiyohiyo. Mafuta ya taa hayana utelezi huo. Mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, lakini usiache ulinzi: chagua vituo viwili vyenye wateja wengi, ujaze hapo kila mara, uhifadhi risiti.

Na ukifika kituoni, shuka. Simama penye mdomo wa tangi. Vijana wa pampuni wamezoea Demio ya petroli, na mkono wao huenda kwenye petroli wenyewe. Kwenye kifuniko cha tangi kuna maandishi ya Kijapani yanayosema ni dizeli, ambayo hawawezi kuyasoma, hivyo mimi nimebandika juu yake karatasi ya njano niliyoandika DIZELI kwa herufi kubwa. Ikitokea wamekosea hata lita moja, usiwashe gari. Usigeuze hata swichi, kwa sababu pampu ya tangini huanza kusukuma. Lisukumeni pembeni kwa mikono, tangi limwagwe lote, ndipo ujaze dizeli na kuondoka.